Kopo la vifungo: ninavyoitunza blogu yangu ya ushonaji

Ilikuwa Februari 2022, asubuhi, nimeinamia cherehani, mwanafunzi wangu wa zamani akanipigia simu kutoka Korogwe. "Shikamoo mwalimu. Siku hizi unauza viatu?" Nikamuuliza viatu vya nani tena. Akanieleza kuwa alikuwa anatafuta Google lile somo langu la kukata kola ya shati. Jina la blogu likatokea kama siku zote, ila chini yake pamejaa maandishi ya Kijapani na bei za viatu. Nikaacha kazi, nikafungua blogu kwenye simu yangu. Iko vilevile: kola, mikono ya puto, sketi ya marinda. Nikamwambia, mwanangu, labda simu yako ina virusi.

Simu yake ilikuwa nzima. Blogu yangu ndiyo iliyokuwa imeingiliwa, na ilinichukua siku mbili kukubali.

Mafundi wenzangu wananiuliza sana watumie nini kuanzisha blogu zao, na karibu wote wanaanza kwa kuuliza rangi na muundo. Hata mimi mwaka 2019 nilianzia huko. Wiki tatu nzima nilichagua rangi ya kichwa cha blogu. Leo mtu akiniuliza namwonyesha kwanza kopo la vifungo lililo juu ya kabati langu hapa Ngamiani, Tanga. Ndani yake, chini ya vifungo vya mashati, kuna flashi ya GB 32 yenye blogu nzima: maneno, picha, michoro, kila kitu. Niacheni nieleze ilivyofika humo.

Blogu yangu naiendesha kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Themu niliyokuwa natumia, yaani vazi la blogu, ilikuwa ya kulipia, lakini mtu aliigawa bure kwenye kundi la WhatsApp. Ilikuwa nzuri, nikaipenda, nikaipandisha. Themu na plagini (viongezo vya WordPress) za namna hiyo, zilizovunjwa kufuli la leseni, mara nyingi huja na mlango wa uani ambao aliyezivunja anaujua na wewe huujui. Aliyeingia kwangu alipitia huo. Udukuzi wenyewe ni maarufu kiasi kwamba Google wana ukurasa mzima wa msaada kuhusu huo udukuzi wa maneno ya Kijapani. Ujanja wake ni kwamba mwenye blogu akifungua anaona kurasa zake za kawaida, lakini roboti ya Google ikija inaonyeshwa kurasa nyingine kabisa. Ndiyo maana mimi niliona kola na mwanafunzi wangu akaona viatu.

Kitu kilichonifumbua macho ni Google Search Console. Ni ya bure, na ningemshauri kila mwenye blogu ajisajili humo siku ileile anayochapisha somo lake la kwanza. Unaweka anwani ya ukurasa, nayo inakuonyesha Google iliuona vipi. Njia ya haraka zaidi ni kuandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Inakupa kurasa zako inazozijua, ingawa si lazima zote. Mimi nilikuwa na machapisho 143. Google ilinionyesha kurasa zaidi ya elfu sita. Na kwenye orodha ya wamiliki ndani ya Search Console kulikuwa na barua pepe nisiyoijua. Yule mtu alikuwa amejithibitisha kuwa naye ni mwenye blogu, kwa kuacha faili dogo la uthibitisho kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi blogu yangu. Nilimwondoa, kesho yake akawa amerudi, maana lile faili sikulifuta. Nikalifuta ndipo akatoka.

Kusafisha kulihitaji macho ya fundi anayefumua mshono. Folda ya uploads ya WordPress ni ya picha na nyaraka. Hakuna sababu ya kukuta humo faili linaloishia na .php, yaani faili la programu. Mimi nilikuta manne, moja limejificha kwenye folda ya Machi 2021 katikati ya picha za mapande ya suruali. Kwenye orodha ya watumiaji kulikuwa na msimamizi wa pili. Mafaili ya WordPress yenyewe niliyabadilisha yote kwa mapya kutoka wordpress.org, themu nikaitupa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress: ina mistari minane ya funguo za siri, na ukiibadilisha kwa mipya, kila aliyekuwa ameingia, hata mdukuzi, anatolewa nje papo hapo. Kubadilisha nywila ukaiacha mistari hiyo ni kazi nusu.

Halafu kampuni iliyokuwa inanihifadhia blogu ikafunga akaunti yangu kwa sababu ya zile kurasa za viatu. Nakala zao za kila wiki zilikuwa zimeshapandiwa na nakala zenye uchafu uleule. Nakala yangu safi pekee ilikuwa ya miezi minane nyuma. Machapisho 31 hayakuwemo.

Kumi na tisa niliyapata kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Hawa wamekuwa wakihifadhi kurasa za mtandao tangu 1996, na mtu yeyote anaweza kuandika anwani akaona ukurasa ulivyokuwa siku fulani. Nilikaa usiku nikinakili maneno yangu mwenyewe kutoka huko, aya kwa aya. Saba niliyakuta WhatsApp, kwa sababu nilikuwa namtumia binti yangu anisahihishie kabla ya kuchapisha. Matano hayakupatikana. Moja kati ya hayo lilikuwa la marehemu mama yangu: jinsi alivyokuwa akipima kwa shubiri na kidole, bila futi kamba, na gauni likakaa mwilini kama limemiminwa. Nimejaribu kuliandika upya mara mbili. Halirudi lilivyokuwa.

Kwa hiyo sasa nakala kwanza. Natumia plagini ya UpdraftPlus, toleo la bure, inapeleka nakala kwenye Google Drive kila Ijumaa usiku. Tarehe mosi ya kila mwezi naishusha ile ya mwisho na kuiweka kwenye flashi ya kwenye kopo. Watu wa kompyuta wana kanuni yao ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali na zilipo nyingine. Seva, Drive, kopo, nimetimiza. Lakini nakala usiyowahi kuirejesha ni sawa na gauni ambalo mteja hajalijaribu. Kila baada ya miezi mitatu naifungua kwenye laptopu kwa programu iitwayo Local, ambayo inakuwekea WordPress ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Mara ya kwanza nilipojaribu, maneno yote yalirudi na picha hazikurudi hata moja: nilikuwa nimesahau kuweka alama kwenye kisanduku cha folda ya picha. Ningejuaje bila kujaribu?

Kuhusu funguo. Jina la msimamizi lisiwe admin, maana roboti zinazojaribu nywila usiku kucha huanza na hilo. Nywila zangu zote ziko Bitwarden, programu ya kutunzia nywila. Asiyetaka kitu chake kikae mtandaoni atumie KeePassXC, inakaa kwenye kompyuta yako tu. Juu yake nimeweka uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu, ile inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Sikutaka ya SMS. Kwetu laini inaweza kupotea, na wapo matapeli wanaofanikiwa kubadilisha laini ya mtu ikawa yao; namba yako ikienda, na blogu inaenda. Zile namba za dharura, za kuingilia simu ikipotea, nilizichapa kwenye karatasi, ziko ndani ya bahasha moja na cheti changu cha VETA. Na barua pepe yako, iingize kwenye tovuti ya Have I Been Pwned uone kama imewahi kuvuja mahali. Yangu ilikuwa imevuja mara tatu, na nywila iliyovuja ndiyo niliyokuwa natumia kwenye blogu.

Plagini zilikuwa 19, sasa ni sita. Kuizima plagini hakutoshi, mafaili yake yanabaki kwenye seva na tundu lake linabaki wazi, ifute. Kabla ya kuweka mpya, angalia kwenye wordpress.org ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni ya WordPress, ukurasa wake wenyewe unakuambia hivyo juu kabisa, na mimi naiacha hapohapo. Wordfence ya bure, plagini ya ulinzi, inanilindia mlango na kunipa taarifa faili likibadilika. Cheti cha https, kinachozuia watu wa njiani wasisome yanayopita kati ya msomaji na blogu, hakigharimu kitu. Let's Encrypt wanavitoa bure tangu 2015, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinakuwekea kwa kubofya mara moja. Mtu akikutoza hela kwa hicho, muulize anakuuzia nini hasa.

Na jina la blogu. Lisajili kwa jina lako na barua pepe yako. Rafiki yangu wa Pangani alimwachia fundi wa kompyuta amsajilie kila kitu. Fundi akahama mji, akabadilisha namba, mwaka ukaisha, jina likaisha muda, likachukuliwa na watu wa kamari. Miaka minne ya mapishi. Kwa blogu ya mtu binafsi Tanzania kuna hata majina yanayoishia na .me.tz, na unaweza kuyanunua mwenyewe kwa wakala aliyesajiliwa.

Sasa muundo, na hapa nina mengi ya kusema kuliko nilivyodhani zamani.

Wasomaji wangu ni mafundi. Wengi wanasoma kwa simu, kibandani, mkono mmoja umeshika mkasi, kwenye mwanga wa mchana. Siku moja nilikwenda sokoni kununua nyuzi nikafungua blogu yangu nikiwa juani, saa saba mchana, na sikuweza kusoma maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetumia kijivu chepesi juu ya nyeupe kwa sababu kilionekana cha kistaarabu. Nikarudi nyumbani nikakipima kwenye kipima-rangi cha WebAIM. Viwango vya kimataifa vya WCAG vinataka tofauti ya maandishi na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu changu, chenye msimbo wa rangi #999, kilikuwa 2.85. Nikaweka #333, ambacho ni 12.63, nikarudi sokoni kujaribu tena palepale kwenye duka la nyuzi. Yanasomeka.

Jambo la pili ni mistari. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. "Atakapokupelekea" ni neno moja. Ukinyoosha maandishi pande zote mbili kwenye kioo chembamba cha simu, yanaacha matundu makubwa katikati kama mshono uliokosa uzi. Acha upande wa kulia uwe huru.

Kisha picha, na hizi ndizo zinazokula bando la watu. Picha ya simu yangu ina MB 4. WordPress yenyewe huipunguza ikizidi pikseli 2,560 kwa upana au urefu, lakini hiyo bado ni kubwa mno. Somo langu la mikono ya puto lilikuwa na picha 14, na jumla likawa karibu MB 12. Dada mmoja wa Lushoto aliniandikia kwamba huwa anasubiri Jumapili aende kwa shemeji yake mwenye Wi-Fi ndipo asome masomo yangu. Niliumia. Nikaanza kutumia Squoosh, programu ya kupunguza uzito wa picha, inafunguka kwenye kivinjari na kazi yote inafanyika ndani ya simu au kompyuta yako, picha haiendi popote. Unaona picha imegawanywa katikati, kushoto ilivyo na kulia itakavyokuwa, unasogeza mstari. Napunguza upana hadi pikseli 1,200, nachagua WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ubora 70. Picha ya mkono wa kitenge, ambapo nataka mtu aone kila tundu la sindano, inatoka na KB 90 hivi na matundu yote yanaonekana. Somo lilelile sasa ni MB 1.3. Yule dada anasoma siku yoyote.

Michoro ya mapande ni habari nyingine. Usiihifadhi kama JPEG. Inaacha ukungu kando ya mistari, na fundi anayesoma kipimo cha robo inchi hahitaji ukungu. Nachora kwa Inkscape, ni ya bure, kisha natoa PNG. Ukitaka kujua blogu yako ni nzito kiasi gani, ipitishe PageSpeed Insights, ila soma sehemu ya simu, usijifariji na ya kompyuta.

Lugha pia ni muundo. Blogu za Kiswahili zilipoanza kuchangamka katikati ya miaka ya 2000, Jikomboe ya Ndesanjo Macha na blogu ya Michuzi zikiwa midomoni mwa watu, mimi nilikuwa msichana nikizisoma kwenye kafe ya intaneti kwa kulipia nusu saa. Hapo ndipo nilipoona kuwa mtandao unaweza kuzungumza kama tunavyozungumza. Basi ambia blogu yako kuwa ni ya Kiswahili: kwenye mipangilio ya jumla ya WordPress chagua Kiswahili. Hapo ukurasa unabeba alama ya lugha "sw", na programu zinazowasomea wasioona hujua zinasoma lugha gani badala ya kuyatamka maneno yetu Kizungu. Kama dashibodi, ukurasa wako wa kuendeshea blogu, umeizoea kwa Kiingereza, ibakize kwa ajili yako tu kwenye wasifu wako. Wasomaji wataona Kiswahili. Na chungeni alama ya ng'. Simu moja inaweka alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na msomaji akitafuta "kitambaa cha kung'aa" ndani ya blogu anaweza asikipate hata kama kipo. Nimechagua iliyonyooka na ninaifuata kila mahali.

Mambo ya sheria nitayasema kwa kifupi, ila msiyaruke. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka Tanzania, ada kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni mbili, na blogu kadhaa zilisimama. Zimebadilishwa tangu hapo, na anayeandika habari na matukio hatazamwi sawa na anayefundisha kushona. Soma toleo la sasa kwenye tovuti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaanza. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mimi nilikuwa na fomu kwenye blogu ambapo wateja walijaza jina, namba ya simu, kifua, kiuno, nyonga. Vipimo vya mwili wa mwanamke pamoja na namba yake, vimekaa kwenye seva ambayo mtu aliwahi kuingia! Niliifuta ile fomu. Vipimo nachukua kwa futi kamba, naandika kwenye daftari.

Na msitegemee kuandika moja kwa moja kwenye dashibodi. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikalala Tanzania na kwa majirani. Mimi siku ile nilimaliza somo la zipu ya kujificha nikiwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ndani ya kompyuta, nikalichapisha mtandao uliporudi. Hakuna kilichopotea.

Kama haya yote ni mzigo kwako, nitakwambia nilichomwambia yule mwanafunzi wangu wa Korogwe, ambaye sasa naye anataka blogu: anzia Blogger. Ni ya Google tangu 2003, ni bure, haina plagini za kusasisha wala themu za kuibia mlango, https ipo, na unaweza kuifungia jina lako ulilonunua. Utakosa uhuru fulani wa muundo. Lakini fundi mwenye watoto wawili na wateja wa Idi hana usiku wa kusasisha seva, na naona ni haki zaidi kusema hivyo kuliko kumpakia WordPress kwa sababu mimi ninaitumia. Barua pepe yake tu ndiyo ailinde kwa hatua mbili, na kila mwezi ashushe nakala kwenye mipangilio.

Anakuja Jumamosi na laptopu ya kaka yake. Jina tumeshalinunua, limesajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake. Somo lake la kwanza ameshaandika kwa mkono kwenye daftari, ni la kukata kola, na njia yake ni fupi kuliko yangu. Flashi nimemnunulia, kopo atatafuta mwenyewe.